Watoto Wetu Wanaitaja Saratani, Sisi Tunaificha



Huku Ohio majani yameanza kubadilika rangi na watoto wamerudi shuleni. Kwa waliozoea kuifungua safu hii kutafuta habari za harusi, uchaguzi wa chama na matokeo ya bonanza la soka, leo tunaomba radhi mapema. Tuna jambo la kusema ambalo litawaudhi baadhi yetu. Mkiudhika, basi muudhike baada ya kusoma mpaka mwisho, si kwa kusimuliwa nusu nusu na jirani.

Oktoba inakuja, na wenye watoto wa haiskuli mnajua maana yake. Wasichana wa mpira wa wavu wataacha rangi za shule kwa siku moja na kuvaa fulana za pinki. Vijana wa futiboli ya Kimarekani, mibaba yenye misuli, watavaa soksi za pinki mpaka magotini bila kuona haya. Mlangoni kutakuwa na meza ya keki na bakuli la michango. Msimu wa baridi ukiingia itakuwa zamu ya mpira wa kikapu. Fedha zitapelekwa kwenye mfuko wa utafiti wa saratani, au hospitali ya jirani, au kwa familia ya mwanafunzi ambaye mzazi wake anaugua.

Na sisi je? Sisi huwa makundi mawili. Kundi la kwanza linasema hayo ni mambo ya Wazungu, wana fedha za kuchezea, waache wavae pinki yao. Kundi la pili linalipa dola 15 za fulana, linapiga picha na mtoto, linaiweka Facebook, linakwenda nyumbani likijiona limemaliza wajibu. Tumekuwa kwenye makundi yote mawili kwa nyakati tofauti. Leo tunasema kwamba makundi haya yanafanana kuliko yanavyodhani, kwa kuwa yote yanaondoka ukumbini bila kuulizana swali hata moja kuhusu ugonjwa wenyewe.

Hebu tuwasimulie. Familia inayohusika imeturuhusu, na majina tunayaacha.

Oktoba mwaka jana tulikuwa watatu kwenye meza ya vyakula katika mechi ya namna hiyo. Tulipeleka maandazi na sambusa, na kwa taarifa yenu viliisha kabla ya seti ya pili huku keki za wengine zikibaki. Pembeni yetu kulikuwa na meza ya kadi. Kila mchezaji alipewa kadi na kalamu nene. Juu yake palichapishwa maneno ya kusema kwamba leo nacheza kwa ajili ya fulani, na nafasi ya kuandika jina. Wasichana wa Kimarekani waliandika haraka: bibi, shangazi, mwalimu wa darasa la tatu. Mmoja aliandika majina manne na kuomba kadi nyingine.

Binti mmoja wa kwetu alibaki na kalamu mkononi. Akatugeukia. "Shikamoo anti. Niandike nani? Kwetu hakuna mtu mwenye saratani."

Tukamjibu marahaba, na tukamwambia aandike "kila mtu". Akaandika hivyo, akakimbilia uwanjani.

Mama yake alikaa safu ya tatu kwenye viti vya watazamaji. Amevaa fulana ya pinki juu ya sweta, anapiga makofi kila bintiye anaporusha mpira. Chini ya fulana ile kulikuwa na uvimbe uliokwisha kupita mwaka mzima. Wanawake wawili tu ndio walioujua, na mmoja wao alikuwa kwenye meza ile ile ya sambusa, mmoja wetu sisi. Alisikia swali la binti na akaendelea kuhesabu chenji.

Mama yule alifariki mwezi Machi. Mpaka wiki tatu kabla, binti aliambiwa mama ana matatizo ya mgongo.

Tumeamua kuyaandika haya kwa sababu tumechoka kusikia kwamba wanaofanya mchezo na saratani ni watoto wenye soksi za pinki.

Tuanze na wao, maana wanadharauliwa bila kujulikana. Mechi hizi hazikuzuka tu kwenye ofisi ya matangazo. Nyuma yake wamo watu walioutaja ugonjwa wao kwa jina. Chukueni makocha wawili wa chuo kimoja, North Carolina State. Jim Valvano, aliyewapa vijana wake ubingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo mwaka 1983, alisimama mbele ya kamera za televisheni Machi 1993, saratani ikiwa imemtafuna kiasi cha kusaidiwa kupanda jukwaani, akatangaza kuanzisha mfuko wa utafiti. Hakumaliza miezi miwili. Mwenzake wa timu ya wanawake, Kay Yow, aligunduliwa kuwa na saratani ya titi mwaka 1987, na mwaka uliofuata aliiongoza timu ya Marekani kutwaa dhahabu ya Olimpiki kule Seoul. Ugonjwa ulirudi. Aliwaambia wachezaji wake, akaondoka kutibiwa katikati ya msimu wa 2006 na 2007, akarejea kufundisha, na kabla ya kufariki Januari 2009 aliacha mfuko ambao mechi za pinki za mpira wa kikapu wa wasichana zinauchangia mpaka leo. Kwa upande wa mpira wa wavu, taasisi iitwayo Side-Out ilianzishwa na kocha wa sekondari wa Virginia ambaye mama yake alipata saratani ya titi. Alichofanya ni kuwaambia wachezaji wake. Wao ndio waliotaka kufanya kitu.

Angalieni mwanzo wa kila kisa hapo. Mtu amesema: ninaumwa saratani, au mama yangu anaumwa saratani. Fulana zilikuja baadaye.

Sasa tuwape haki na wale wa kundi la kwanza, kwa sababu wanaposema kuna biashara ndani yake hawasemi uongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mama mmoja wa California, Charlotte Haley, alikaa mezani kwake akikunja tepe za rangi ya pichi. Bibi yake, dada yake na binti yake walikuwa wamepatwa na saratani ya titi. Kila utepe aliuambatanisha na kikadi kilichosema bajeti ya taasisi ya taifa ya saratani ni dola bilioni 1.8 kwa mwaka, na asilimia 5 tu ndiyo inayokwenda kwenye kinga. Mwaka 1992 jarida kubwa la wanawake na kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder walitaka kuutumia utepe wake. Akakataa, akasema wao ni wafanyabiashara. Wakabadilisha rangi ikawa pinki, na kile kikadi chenye swali la fedha hakikuwemo tena. Mwaka 2010 tukafika mahali ambapo KFC iliuza kuku wa kukaangwa kwenye ndoo za pinki, senti 50 kwa ndoo zikienda kwa mfuko mkubwa kuliko yote wa saratani ya titi. Zilipatikana zaidi ya dola milioni 4. Kuku wa mafuta kwa ajili ya afya! Hata sisi tunaopenda kuku tulicheka.

Kwa hiyo ndiyo, tuulize fedha zinakwenda wapi. Shule ambayo watoto wetu wanasoma, na hatuitaji jina, haikututangazia mwaka jana zilipatikana dola ngapi wala zilikwenda wapi. Hilo si sawa. Mtoto wa miaka 16 aliyeuza keki ana haki ya kuambiwa hesabu, na mzazi aliyemnunulia unga ana haki zaidi. Tumeandika barua kwa idara ya michezo na tutaendelea kuandika. Rai yetu ni kwamba sehemu ya fedha ibaki hapa hapa, imlipie nauli ya kwenda hospitali mama asiye na gari na mtu wa kumwangalizia watoto wakati anatibiwa.

Lakini jamani, anayeuliza swali la Charlotte Haley ni lazima naye awe na kikadi. Sisi tunaibeza pinki ya Wazungu halafu mkononi hatuna rangi yoyote. Ni lini chama chetu kimetoa hata robo saa, katikati ya hotuba ndefu za sherehe za uhuru, kuzungumzia ugonjwa huu? Bonanza la soka la kila Julai lina timu kumi na mbili, nyama choma, muziki mpaka usiku, na meza ya kampuni za kutuma fedha nyumbani. Meza ya muuguzi haipo.

Tunajua sababu zinazotolewa, maana tumezitoa wenyewe. Ya kwanza ni kwamba kuutaja ugonjwa ni kuuita. Ndiyo maana kwetu hafi mtu kwa saratani. Wanakufa kwa presha, vidonda vya tumbo na "ugonjwa wa muda mfupi". Maskini presha, imebeba lawama za maradhi yote. Ya pili ni kwamba watu watasema amerogwa, au ana laana, au anaadhibiwa kwa jambo fulani. Watasema, kweli. Watu walisema pia mama yetu wa Machi alikuwa na maringo ndiyo maana alikuwa haji tena kwenye vikao. Wanaosema hawajawahi kukosa la kusema.

Ya tatu ndiyo inayotuuma zaidi: mabinti zake hawataolewa, ikijulikana kwamba ugonjwa uko kwenye ukoo. Hapa tunaomba msomaji atulie nasi kidogo. Saratani nyingi za matiti hazirithiwi. Zinazotokana na kasoro za kurithi ni kama 5 hadi 10 katika kila 100. Lakini kama ni hiyo ya kurithi, ni nani anayestahili kujua kabla ya mtu mwingine yeyote duniani? Ni yule binti aliyeshika kalamu. Daktari atakapomuuliza akiwa na miaka 25, je, katika familia yenu kuna aliyewahi kuugua saratani ya titi au ya ovari, na alikuwa na umri gani, jibu lake ndilo litakaloamua aanze kupimwa lini. Mama anayeficha kwa kumlinda binti anampeleka kwenye chumba cha daktari akiwa amefungwa macho. Anafanya hivyo kwa mapenzi, hatuna shaka, na ndiyo maana ni vigumu kumlaumu na ni lazima tuseme.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tunaikariri methali hii kwenye mawaidha ya kila namna, kisha tunafanya kinyume chake.

Ya nne ni fedha na bima, na hii haina mzaha. Lakini nayo ina majibu ambayo hatuyatangazi. Tangu sheria ya afya ya mwaka 2010, bima nyingi zinatakiwa kulipia picha ya matiti bila kumtoza mwanamke. Kwa mwenye kipato kidogo asiye na bima, upo mpango wa serikali uliotokana na sheria ya mwaka 1990, unaoendeshwa kupitia majimbo, unaopima titi na mlango wa kizazi bure au kwa gharama ndogo. Ushauri wa kitaifa tangu mwaka 2024 ni kwamba mwanamke aanze kupigwa picha ya matiti akifika miaka 40, kila baada ya miaka miwili, mpaka 74. Na mwenye uvimbe hasubiri umri wowote. Wanawake weusi wa nchi hii hawapati saratani ya titi zaidi ya weupe, lakini wanakufa nayo kwa kiwango kinachozidi kwa takriban asilimia 40. Kuna ubaguzi ndani ya tarakimu hiyo, kuna umaskini, kuna hospitali mbovu na kuna aina kali za ugonjwa wenyewe. Zote hizo hatukuzileta sisi. Kuchelewa kwa makusudi, kwa kuogopa maneno ya watu, tunakuongeza sisi juu yake.

Na akina baba msijifiche nyuma ya rangi ya pinki mkidhani hayawahusu. Wanaume weusi hapa Marekani wanakufa kwa saratani ya tezi dume karibu mara mbili ya weupe. Shirika la saratani la Marekani linashauri mwanamume mweusi azungumze na daktari kuhusu kipimo akifika miaka 45. Timu nzima ya maveterani wetu wa Jumapili imekwisha kupita hapo, ingawa wengine kwenye usajili bado wana miaka 38.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo lililotufanya tukae mpaka usiku wa manane tukibishana kama tuliandike. Kabla ya mtoto kuruhusiwa kucheza, mzazi hupewa fomu ya afya ya michezo, na mtoto hupelekwa kwa daktari. Humo kliniki daktari huuliza kuhusu chanjo ya virusi vya HPV. Hivi ndivyo virusi vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, na nyingine za koo kwa wanaume pia. Chanjo hutolewa kwa wasichana na wavulana wakiwa na miaka 11 au 12, na aliyechelewa anaweza kupata mpaka 26. Mtoto asiye na bima huipata bila kulipia dawa yenyewe mpaka atimize miaka 19. Na wazazi wetu, wengi tunaowafahamu, wanasema hapana. Tumesikia kwamba inafunga kizazi. Tumesikia kwamba inamfundisha mtoto uhuni. Tumesikia kwamba Wazungu wanawafanyia majaribio watoto weusi.

Majaribio gani? Rwanda ilianza kuwachanja wasichana wake nchi nzima mwaka 2011. Tanzania ilianza 2018, ikianza na wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Kenya ilianza 2019. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoua wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote kule Tanzania. Aliyewahi kumsindikiza ndugu Ocean Road pale Dar es Salaam hahitaji kuelezwa na sisi. Binamu yake binti yako, kule Morogoro au Kisumu, amechanjwa chini ya mwembe wa shule. Wewe uliyevuka bahari kutafuta maisha bora umemkatalia wako, kisha Oktoba unamnunulia fulana ya kupambana na saratani. Tunauliza tu: fulana ile inapambana na nini?

Na fedha tunazo, tusidanganyane. Mama yule alipofariki, kikundi cha WhatsApp kilifunguliwa saa tatu usiku. Kufikia adhuhuri ya siku ya pili zilikuwa zimepatikana fedha za kusafirisha mwili mpaka nyumbani, maelfu ya dola, pamoja na tiketi ya mtu wa kuusindikiza. Kutoa ni moyo, na moyo tunao, tunaujua na tunajivunia. Lakini huyu huyu, miezi minane kabla, aliacha kwenda miadi ya hospitali mara mbili kwa sababu angepoteza zamu ghalani na kodi ya nyumba ilikuwa inadaiwa. Zamu mbili! Bakuli la sambusa lingezilipa. Hatukuchanga kwa sababu hatukujua, na hatukujua kwa sababu aliyejua alinyamaza.

Tumefika kwetu wenyewe. Toleo la Aprili la jarida hili, ukurasa wa mwisho, lilichapisha tanzia. Tuliandika kwamba marehemu "aliugua kwa muda mfupi". Tuliandika sisi. Aliugua karibu miaka miwili, aliugua saratani ya titi, na mmoja wa walioisoma tanzia ile kabla ya kwenda mtamboni alijua hivyo. Tunasahihisha leo. Kuanzia toleo hili, tanzia zetu zitataja ugonjwa kwa jina lake pale familia inaporidhia, na tutaiuliza kila familia, kwa heshima, hata kama swali litakuwa zito. Atakayetaka tuandike "muda mfupi" tutaandika tu kwamba amefariki. Hatutaandika tena tusichokiamini.

Kwa uongozi wa chama tunaomba mawili, na tunayaomba hadharani ili yasije yakapotea kwenye makaratasi ya kikao. Meza ya muuguzi kwenye bonanza la Julai, karibu na lango, si nyuma ya vyoo. Na mfuko wa wagonjwa utenganishwe na mfuko wa misiba, uwe na mweka hazina wake, hesabu zake zisomwe mbele ya wanachama kila miezi mitatu. Watakaosema chama hakina uwezo tutawakumbusha fedha za Machi.

Binti yule yuko mwaka wake wa mwisho. Bado anacheza. Tulipokwenda kumwomba ruhusa ya kuandika haya, pamoja na baba yake, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatuuliza kama kwenye kadi inaruhusiwa kuandika kwa Kiswahili. Tukamwambia hakuna wa kumkataza.

Mechi ni Alhamisi ya pili ya Oktoba, saa kumi na mbili na nusu jioni. Kiingilio dola 5, watoto bure. Sambusa tutaleta nyingi zaidi mwaka huu, na mwenye kikaango kikubwa atujulishe kabla ya Jumatatu.